Ukipewa barua ya kuboresha mauzo: mwongozo kwa watu wa ruti, Tabora

Barua ya namna hii huwa fupi. Inasema mauzo yako ya miezi kadhaa hayakufikia lengo, kwamba kuanzia tarehe fulani unaingia kwenye mpango wa kuboresha utendaji, na kwamba usipobadilika kampuni itachukua hatua zaidi. Kwa anayefanya kazi Tabora mara nyingi inatumwa kutoka Mwanza au Dar es Salaam, na inamkuta Urambo au Sikonge akiwa juu ya pikipiki, mzigo wa nusu siku bado haujatoka.

Mwongozo huu ni wako uliyeipokea, uwe unauza sabuni, mafuta ya kula, soda, pembejeo au laini za simu. Msimamo wangu nausema mapema: kipindi cha mpango kinaokolewa na ukweli wa ruti yako ukiwa umeandikwa, na kinaharibiwa na tarakimu za kubuni. Walioumia zaidi ninaowafahamu hawakuumizwa na kuuza kidogo. Waliumizwa na walichofanya ili waonekane wameuza.

Siku ya kwanza

Usijibu kwa hasira, usizime simu, na usikatishe ruti. Ukitakiwa kusaini, andika pembeni ya saini yako "Nimepokea" pamoja na tarehe. Hapo unakiri kwamba barua imekufikia. Hujakubali kila kilichoandikwa ndani. Baki na nakala, na nyingine jitumie kwenye barua pepe yako binafsi, kwa sababu ile ya kampuni inaweza kufungwa siku yoyote.

Kisha soma upya polepole ukitafuta mambo haya: mpango unaanza na kuisha lini, kiwango gani kinatakiwa na kwa bidhaa ipi, nani atapima, mtakutana mara ngapi, na kampuni itakusaidia nini. Lisilokuwemo liulizie kwa maandishi ndani ya siku mbili tatu. Mpango unaosema tu "ongeza mauzo" hauna kipimo, na wewe ndiye utakayeumia mwisho wake kama hukudai kipimo mwanzoni.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumwachisha mtu kazi bila sababu halali na bila utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, ndizo zinazofafanua utaratibu huo pale tatizo linapokuwa utendaji duni. Anayeamua kama uachishaji ulikuwa wa haki anatakiwa kujiuliza: je, mfanyakazi kweli alishindwa kufikia kiwango? Alikijua, au alipaswa kukijua? Kiwango chenyewe kilikuwa cha busara? Alishindwa kwa sababu gani? Na je, alipewa nafasi ya haki ya kukifikia?

Yakariri maswali hayo. Kila utakachoandika katika kipindi hiki kiwe kinajibu mojawapo.

Kanuni zinamtaka mwajiri achunguze chanzo cha upungufu, atoe maelekezo au mafunzo panapohitajika, atoe muda wa kutosha wa kujirekebisha, na aonye kwamba kazi iko hatarini kabla ya kufika mwisho. Hazitaji siku 30 wala 90. Muda wa kutosha hutegemea aina ya kazi, ukubwa wa upungufu, miaka uliyotumikia na rekodi yako ya nyuma. Ukiwa meneja, au mtu wa ngazi ya juu ambaye ujuzi wake unamtosha kujipima mwenyewe, nafasi hiyo ya kujirekebisha inaweza isitolewe. Na kama hujatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haikufikii.

Jambo moja ambalo vijana wengi wa mauzo hawalitazami: mwajiri wako ni nani? Fulana ina nembo ya kampuni kubwa, lakini mkataba unaweza kuwa umesainiwa na wakala mkuu wa mkoa au na kampuni inayokodisha wafanyakazi. Barua zako zielekee kwa aliyesaini. Hata anayeitwa "wa kamisheni tu" asijione hana mahali pa kusimama, maana Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaangalia uhalisia: nani anakupangia saa na namna ya kufanya kazi, nani anakupa vifaa, unamtegemea nani kwa kipato. Jina lililoandikwa kwenye mkataba si mwisho wa hoja.

Ijue kalenda ya fedha ya mkoa wako

Katika maswali yale, la sababu ndilo lenye mengi kwa mtu wa Tabora.

Fedha ya mkoa huu haitembei sawasawa mwaka mzima. Urambo, Kaliua na Sikonge zinaishi kwa tumbaku. Mkulima hupanda mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, huvuna, hukausha, halafu husubiri masoko na malipo kupitia chama chake cha msingi. Malipo yakiingia, duka lililokuwa likivuta katoni moja kwa kusuasua linaagiza bila kuombwa, bodaboda mpya zinaonekana barabarani, mabati yanapanda juu ya nyumba. Januari na Februari hali ni nyingine kabisa: ada za shule, chakula kimepungua ghalani, na mkulima anaishi kwa kukopa kwa mwenye duka, ambaye naye hana cha kukulipa. Igunga na Nzega zina pamba na mpunga, na kalenda yake.

Lengo lililogawanywa sawa kwa miezi kumi na miwili halijui habari hiyo. Barua inayokupima kwa mauzo ya Desemba, Januari na Februari ijibiwe kwa takwimu za Desemba, Januari na Februari za mwaka uliopita, za kwako au za aliyekuwa na ruti hiyo kabla yako. Ziombe kwa mtu wa data au mtunza stoo. Mwezi ulinganishwe na mwezi mwenziwe. Ukionyesha kwamba ruti hushuka kila mwaka kipindi hicho, umejibu swali la kiwango na swali la sababu kwa pamoja.

Lakini uwe mkweli. Kama mwenzako wa ruti jirani, mwenye msimu huohuo na bidhaa zilezile, ameuza mara mbili yako, msimu hautakuokoa na wala usijaribu kujificha nyuma yake. Hapo kuna kitu anafanya ambacho wewe hukifanyi. Mwombe upande naye siku moja. Wengi hukubali.

Mzigo gani unatembea wapi

Ujuzi wa ruti ni wa zamani katika njia hii. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba vitambaa na shanga, na mfanyabiashara alilazimika kujua kila nchi inataka nini. Mpelelezi Stanley alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871 alihangaika sana na suala hilo, akawauliza Waarabu waliokwisha kufika bara. Aliandika kwamba Unyamwezi zilipokelewa shanga nyekundu, sami-sami, na nyingine zikakataliwa, na kwamba nyeusi zilizokuwa fedha halali Ugogo hazikuwa na thamani yoyote kwingine. Aliyefunga shanga zisizotakiwa alibaki na mzigo uliokuwa ukila posho ya wapagazi bila kununua hata kibaba cha nafaka. Biashara ile ilichanganyika na uovu mkubwa wa kuuza watu, na haistahili kutukuzwa. Somo lake kuhusu soko, hata hivyo, bado ni la kweli kwa anayepakia gari leo kwenda Kigwa na Tura, majina yaliyomo katika safari hizohizo.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya mpango itumie kuijua ruti yako upya. Nunua kaunta buku. Kila duka lipe mistari michache: mara ya mwisho lilinunua lini, lilichukua nini, sasa linanunua kwa nani na kwa bei gani, na kwa nini lilikukatalia. Usiandike unachodhani. Uliza.

Simama mbele ya shelfu na uangalie. Chukua duka la kijijini pale Usoke. Mafuta ya kampuni yako yako juu, chupa za lita tano, vumbi limezikalia mabegani na stika ya bei imepauka. Chini, karibu na mizani, kuna dumu la lita 20 la mshindani limefunguliwa, na juu yake kikombe cha kupimia kinang'aa kwa mafuta. Mtoto anaingia na chupa ya maji tupu na sarafu mkononi, anapimiwa, anaondoka. Umeona jibu lako lote pale. Watu wa kijiji hicho wananunua mafuta ya kupikia ya leo, na wewe umepewa lengo la chupa ambayo bei yake ni hesabu ya wiki nzima. Hilo liandikwe, litajwe kwa jina la bidhaa na ujazo wake, liende kwa meneja.

Ukishasalimia vizuri, muulize mwenye duka swali lenye uchaguzi ndani yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo sichukui kitu."

"Sawa mama, sikulazimishi. Nisaidie tu nijue: ni bei, ni ujazo, au ni sisi hatupiti?"

Mara nyingi kuliko unavyotarajia, jibu litakuwa la tatu. "Mlikuja mara moja, mkapotea, akaja mwingine." Jibu hilo linauma, lakini ndilo rahisi kuliko yote kulirekebisha, kwa sababu halihitaji punguzo la bei wala kibali cha mtu yeyote.

Baada ya hapo gawa maduka yako: yanayonunua kila mara, yaliyoacha, na yasiyowahi kununua. Muda wa mpango ni mfupi, na maoni yangu ni kwamba uanze na yaliyoacha. Yanakujua, yanaijua bidhaa, na sababu ya kuacha huwa ni kitu kimoja kinachoshikika: katoni iliyoharibika haikubadilishwa, chenji haikurudishwa, kijana aliyekutangulia aliahidi friji. Maliza deni hilo la heshima kwanza, kisha omba oda. Maduka mapya ni mazuri kwa mwaka ujao. Kwa wiki chache za mpango hayatakubeba.

Mali kauli, na vishawishi vya mwisho wa mwezi

Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko mahali pengine popote.

Mwezi ukikaribia kufungwa na lengo likiwa mbali, mwenye duka la jumla atakwambia: "Shusha tu, nitakulipa Jumatano." Hiyo ndiyo mali kauli. Tarakimu itapanda jioni ileile. Meneja atakutumia dole gumba. Jumatano itafika, kisha Jumatano nyingine. Mwezi unaofuata duka lile halitanunua kwa sababu limejaa mzigo wako, kwa hiyo mauzo yanashuka tena, na sasa una deni juu.

Biashara ya njia hii imeishi kwa mkopo tangu zamani. Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, alichukua mali kwa mkopo kutoka kwa Taria Topan, tajiri wa Unguja, akaja nayo bara. Lakini Taria Topan alikopesha mali yake. Wewe unakopesha mali isiyo yako, na ambayo pengine hukuruhusiwa kuikopesha.

Angalia inavyokubadilishia kesi. Uliyeuza kidogo una kosa la utendaji: unastahili kupewa muda, maelekezo, kikao, na ukiachishwa una malipo yako. Uliyetoa mali kinyume na utaratibu, au uliyeandika mauzo yasiyokuwepo, umejiingiza kwenye utovu wa nidhamu. Njia yake ni fupi zaidi, na anayeachishwa kwa haki kwa kosa la nidhamu hapati kiinua mgongo. Umempa mwajiri sababu ambayo hakuwa nayo.

Vivyo hivyo usichukue mkopo ili ununue mzigo wewe mwenyewe na kuuficha chumbani. Na kwa wauza laini: kumwekesha mteja kidole mara ya pili ili usajili laini asiyoijua ni jinai, na laini hiyo ikitumika kwa utapeli jina la wakala aliyesajili linaonekana.

Kama deni lipo tayari, litoe mwenyewe kabla halijagunduliwa. Orodhesha duka, tarehe, kiasi, namba ya risiti, na tarehe ya kulipa aliyoahidi mwenye duka. Ni vigumu, lakini orodha iliyoletwa na wewe na orodha iliyokutwa na mkaguzi hazisomwi kwa jicho moja. Ujue pia kwamba mwajiri hawezi kukukata mshahara atakavyo kwa hasara: sheria inamtaka akueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha taslimu.

Mrejesho wa kila wiki

Usisubiri kuitwa. Kila Ijumaa au Jumamosi tuma mrejesho, mfupi, wa heshima, wenye tarakimu. Mfano, ukibadilisha idadi ziwe za kwako:

*Ndugu Meneja,*

*Yah: Mrejesho wa wiki ya pili, ruti ya Urambo.*

*Wiki hii nimepita maduka 84 kati ya 90. Yaliyonunua ni 31, na 9 kati ya hayo yalikuwa yameacha kununua. Sita sikuyafikia kwa sababu pikipiki ilikuwa gereji siku ya Alhamisi. Sabuni ya kipande iliisha stoo Jumanne. Oda za maduka 12 sikuweza kuzihudumia, nimeziambatanisha. Mafuta ya lita 5 yanakataliwa vijijini, wanauza kwa kupima kutoka kwenye dumu. Naomba dumu za lita 20 kwa majaribio katika maduka kumi. Naomba pia, ukipata nafasi, tupite pamoja siku moja kwenye ruti.*

*Naomba kuwasilisha.*

Barua hiyo hailalamiki wala haijitetei. Inataja kilichofanyika, kisichofanyika na kinachohitajika. Usiache kamwe kuandika siku ambazo stoo haikuwa na mzigo. Hakuna anayeuza kisichokuwepo, lakini baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka kwamba hakikuwepo, isipokuwa maandishi yako.

Mazungumzo ya simu nayo yafunge kwa ujumbe: "Mkuu, kama tulivyoongea saa nne asubuhi, umesema mzigo utafika Jumatano na mimi nianze na Ulyankulu." Asipokanusha, una rekodi. Andika kwa staha hata kama meneja ni mdogo wako kwa umri. Naye ana lengo la kanda shingoni, na kumwomba apande pikipiki nawe kunamsaidia kuona anachokisoma kwenye skrini. Meneja aliyeona vumbi kwenye chupa za lita tano ni shahidi wako.

Nyumbani, mwambie mwenzi wako mapema kuhusu barua uliyopewa, na usichukue mkopo mpya wa mshahara. Kutafuta kazi nyingine wakati huu si usaliti.

Mwisho wa mpango

Anaweza kuja mtu akakushauri kwa sauti ya kirafiki: "Jiuzulu tu, usijichafulie jina." Usiandike barua hiyo siku hiyo. Aliyejiuzulu kwa hiari anaanza akiwa amejifungia milango mingi, na fao la NSSF la kukosa ajira si la aliyeacha kazi mwenyewe.

Kabla ya uamuzi wa kukuachisha, Kanuni zinamtaka mwajiri akuite kikao, na una haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kwa watu wa viwanda na biashara chama hicho kwa kawaida ni TUICO. Nenda na kaunta buku lako na mirejesho yote. Ataeleza sababu zake, nawe utatoa zako, na akizikataa anatakiwa kueleza kwa nini. Uamuzi na sababu zake vije kwa maandishi.

Ukiachishwa, dai notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, au malipo badala yake. Dai likizo ambayo hukuichukua, cheti cha utumishi, na nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama ulitolewa mbali. Ukiwa umefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi, dai kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Ukiona hukutendewa haki, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kwanza kunakuwa na usuluhishi, na mkishindwana unafuata uamuzi. Siku hizo 30 usizimalize ukisubiri mtu wa rasilimali watu arudishe simu. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu.

Na ukivuka, omba barua inayosema mpango umefungwa na kiwango kimefikiwa. Wengi huambiwa kwa mdomo "umefanya vizuri", wakafurahi na kurudi kazini. Bila barua ya pili, ile ya kwanza ndiyo inayobaki kwenye faili lako, na meneja ajaye ataisoma hiyo peke yake.